Tulale Ndani ao Inje?

Fundi yeyote wa redio hapa Birere, mtaa wa Goma, mashariki ya Kongo, anajua kwamba spika hufanya kazi pande zote mbili. Ukiipa umeme, inatoa sauti. Ukiipigia kelele, nayo inatoa umeme, mdogo sana lakini upo. Nilijua hilo tangu utotoni, nikimshikia baba taa wakati analehemu. Ilinichukua miaka mingi kufikiri kwamba kitu kinachosikia sauti ya mtu kinaweza kuusikia na udongo.

Mwaka 2020 mpaka wa Gisenyi, mji wa Rwanda tunaopakana nao, ulifungwa kwa sababu ya korona. Vipuri havikuingia, wateja wakapungua, mikono ikakosa kazi. Nikachukua spika ya besi kutoka kwenye sabufa iliyokufa, nikabandika kipande cha madini ya risasi katikati ya karatasi yake, nikaiketisha juu ya jiwe la volkano nyuma ya nyumba yetu, Majengo. Siri yake ni ndogo. Ardhi ikisogea, sumaku inasogea nayo kwa sababu imekaa juu ya jiwe. Koili, yaani ule waya uliozungushwa ndani ya spika, kwa kuwa imebebeshwa uzito, inachelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakozaa umeme. Nikaunga ampulifaya ndogo, bodi ya Arduino ya kugeuza umeme ule kuwa namba, na kompyuta ya zamani, na mstari ukaanza kutembea kwenye kioo. Nilipokanyaga chini kwa kisigino, mstari uliruka. Mke wangu alipopita na ndoo ya maji, mstari ulihesabu hatua zake moja moja mpaka jikoni. Nilikaa pale hadi usiku wa manane.

Haukuwa mchezo kwangu. Nilikuwa na miaka kumi volkano iliposhuka mjini, Alhamisi tarehe 17 Januari 2002. Sisi wa Goma hatusemi lava. Tunasema volkano yenyewe ilishuka, ikapita, ikaingia Ziwa Kivu. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji na kuchukua kibanda cha baba pamoja na redio za watu zilizokuwa humo. Kibanda changu cha leo kimesimama juu ya kile chake, na kati yao kuna jiwe lenye kimo cha mtu.

Lakini kilichobaki kichwani mwangu si ule moto. Ni usiku wa Gisenyi, tulipovuka kwa miguu pamoja na watu laki kadhaa. Ardhi iliendelea kutetemeka siku baada ya siku. Wakubwa walikaa kwenye uwanja wa kanisa wakibishana: tulale ndani ao inje? Ndani, ukuta unaweza kutuangukia. Nje kuna mvua, na watoto wanakohoa. Hakuna aliyekuwa na jibu. Mimi nikakua nikiamini kwamba jibu lipo, ila limefungiwa kwenye mashine fulani, na kwamba mwenye mashine hiyo halali na wasiwasi.

Nieleze kidogo jinsi mashine yenyewe inavyosema, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Tetemeko linatuma mawimbi ya aina mbili. La kwanza linakimbia kama kilomita 6 kwa sekunde, la pili kama 3 na nusu. Mwilini mwako la kwanza ni kama mtu aliyegonga mlango mara moja. La pili ni kama yule yule sasa anausukuma. Ukihesabu sekunde kati ya kugonga na kusukuma, kisha ukazidisha kwa 8, unapata umbali wa kilomita kwa makadirio mazuri. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mtoto wa shule ya msingi, na nimewafundisha wengi. Ukubwa ndio unaowasumbua watu. Kutoka 4 hadi 5 wanadhani ni kuongeza kidogo, kama bei ya mkate, kumbe nguvu inayotoka ni kama mara 32.

Ikaja Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021.

Mchana ule mstari wangu ulikuwa wa kawaida: wamotari, malori, watoto wa jirani. Kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni anga ya kaskazini ikawa nyekundu, na barabara zikajaa watu kabla redio haijasema neno. Baadaye, mwaka 2022, wanasayansi wa hapa kwetu na wenzao wa nje walichapisha uchunguzi wao. Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ilipasuka karibu bila kutoa taarifa, na mitetemo ya kutia shaka ilianza muda usiofika saa moja kabla. Hao walikuwa na vituo vya kweli kuuzunguka mlima wote. Nalisema hili kwa sababu bado nasikia watu wakidai kwamba kuna aliyejua akanyamaza. Mimi nimeitazama mistari yangu ya siku ile mara nyingi kuliko picha za harusi yangu, na hakuna kitu.

Volkano ilisimama Buhene, nje kidogo ya mji, karibu sana na uwanja wa ndege. Tukamshukuru Mungu. Ndipo matetemeko yakaanza hasa.

Walioishi Goma wiki ile hawahitaji kuelezwa. Yalikuja mchana na usiku, mengine madogo, mengine ya kuangusha sahani, na nyufa zikafunguka barabarani. Kwenye kioo changu nafasi kati ya wimbi la kwanza na la pili ilikuwa sekunde moja, mara nyingine haikufika hata hiyo. Sikuhitaji kuzidisha kwa kitu. Chanzo kilikuwa chini ya miguu yetu. Tunajua leo kwamba magma ilikuwa inajipenyeza kuelekea kusini, chini ya mji wenyewe, hadi chini ya ziwa, bila kutoka juu. Wakati ule nilichojua ni kwamba kila tetemeko naliandikia mstari mmoja kwenye daftari, na kwamba jirani mmoja baada ya mwingine alikuwa anaingia uani kwangu kuuliza lile swali la Gisenyi.

Nami nikajibu. Hilo ndilo kosa ninalolibeba.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa anakaa Mabanga Sud katika nyumba ya matofali ya saruji aliyoijenga kwa biashara ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, miaka kumi na minne ya kuamka alfajiri. Usiku mbili alikuwa amelala nje kwenye mkeka na wajukuu. Jumatatu jioni, tarehe 24, alikuja akaketi kwenye benchi langu la kazi. "Mutoto yangu, kisanduku yako inasema nini?" Nikafungua daftari. Jumapili nilikuwa nimejaza karibu ukurasa mzima kwa kila saa moja. Jumatatu alasiri ulikuwa nusu ukurasa. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia, yanapungua, Shangazi. Usiku wa leo mnaweza kulala ndani.

Kesho yake asubuhi lilikuja moja ya yale makubwa ya wiki ile, lenye nguvu ya karibu 5. Ukuta wa chumba chake cha nyuma uliangukia kitanda. Wajukuu walikuwa wameshatoka kuchota maji. Yeye alikuwa bado amejilaza. Mkono wake wa kushoto ulivunjika mara mbili, na hata leo haunyooki.

Hakuwahi kunilaumu kwa maneno. Alipotoka hospitalini alisema tu kwamba nyumba ilikuwa na ufa tangu zamani. Lakini hakuuliza tena habari ya kisanduku, na mtu wa ukoo akikitaja mbele yake, aligeuza mazungumzo.

Alhamisi tarehe 27, alfajiri, serikali iliamuru kartiye, yaani mitaa, 10 kati ya 18 za Goma zihame, Majengo ikiwemo. Tukafunga magodoro, tukaelekea Sake, mji mdogo wa upande wa magharibi, pamoja na mto wa watu. Kisanduku nilikiacha kimeunganishwa na betri ya gari. Tuliporudi mwezi Juni kilikuwa kimeshazima, lakini kadi ilikuwa imeandika siku moja na nusu ya mji usio na watu. Sikuifungua. Kwa wiki kadhaa sikutaka kuutazama ule mstari.

Nilipoifungua hatimaye, ndipo nilipoelewa nilichomfanyia Shangazi. Katika mji uliohamwa, mstari wangu ulikuwa mwembamba kama uzi, na juu ya uzi ule matetemeko madogo yalionekana wazi, mengi, yamesongamana. Nikarudi kwenye faili za Jumatatu tarehe 24. Mstari ulikuwa mnene kama kamba. Jumatatu ile mji mzima ulikuwa barabarani: magari yanaondoka na kurudi, moto, yaani pikipiki, zimebeba magodoro, watu wanatembea makundi kwa makundi mbele ya uzio wetu. Matetemeko madogo yalikuwepo, ila yalizama ndani ya kelele zetu wenyewe. Nilidhani nimehesabu matetemeko. Nilikuwa nimehesabu yale tu yaliyoweza kupiga kelele kuliko sisi.

Naandika hili kwa herufi kubwa kichwani kila mara kijana anaponijia na spika yake na furaha yake. Mstari ukitulia, jiulize kwanza kama ni ardhi imetulia au ni sikio lako limeziba.

Mwaka ule ule, tarehe 14 Agosti, Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.2. Niliifuata habari ile kama ya ndugu. Huko, baada ya msiba mkubwa wa 2010, watafiti walikuwa wameweka vifaa vidogo majumbani mwa watu wa kawaida, sebuleni, kwenye ngazi, popote palipo na umeme na intaneti. Ardhi ilipotikisika, vifaa hivyo ndivyo vilivyokuwa karibu zaidi na chanzo vikifanya kazi, na wanasayansi walivitumia kuelewa kilichopasuka chini. Walivyotumia ni Raspberry Shake, kisanduku kinachotengenezwa Panama: ndani kuna geofoni, yaani ndugu wa ile spika yangu lakini aliyesoma shule, juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na kinapima mara 100 kwa kila sekunde. Haiti ni nchi inayokatiwa umeme kama sisi, inayosema Kifaransa shuleni na lugha yake nyumbani kama sisi. Nikaona kwamba shida yangu haikuwa kusikiliza. Ilikuwa kusema zaidi ya nilichosikia.

Bei yake ni dola mia kadhaa. Niliuza jenereta, na binamu yangu wa Ubelgiji akaongeza iliyobaki na kukileta kwenye begi lake mwisho wa mwaka.

Miezi sita ya kwanza nilihangaika na mahali pa kukiweka. Nilianza chini ya mti wa avoka kwa sababu kuna kivuli. Kila upepo wa jioni kutoka ziwani ulipokuja, mstari ulivimba, nami nikaamini nimeanza kusikia mlima ukinong'ona. Mtaalamu mmoja aliyewahi kufanya kazi na Kituo cha Volkano cha Goma, kile kinachojulikana kama OVG na kinachoulinda mji tangu 1986, alikubali kuja kuona. Alikaa kimya chini ya mti ule robo saa nzima. Kisha akauliza: mizizi yake inafika wapi? Upepo unausukuma mti, mti unavuta mizizi, mizizi inatikisa udongo, na kisanduku kinaandika kwa uaminifu. Akanishauri nitafute mwamba wenyewe, mbali na miti, mbali na ukuta, mbali na choo cha jirani. Nikachimba pembeni hadi nikafika kwenye jiwe la volkano lisilocheza, nikamwaga saruji kidogo, nikakiketisha hapo, nikakifunika kwa beseni lililogeuzwa na juu yake magunia.

Tangu siku hiyo nimejifunza mji wangu kwa namna ambayo siwezi kuieleza bila kuupenda zaidi. Jumapili asubuhi mstari unakonda mpaka misa inapotoka. Helikopta, kwenye picha ya kompyuta inayotenganisha milio minene na myembamba, inachora mistari inayoteremka taratibu inapopita juu. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyobeba magunia ya makaa kwenye barabara yetu ya mawe ina mwandiko wake, moto ina wake, na lori la maji linatambulika hata kabla halijapiga honi.

Umeme nao ulinifundisha kwa ukali. Kompyuta ile ndogo haina saa ya ndani. Umeme ukikatika na intaneti ikakosekana, ikiwaka tena inadhani ni ile saa iliyozimwa, na inaendelea kuandika kwa uhakika kamili wa mtu aliyeamka asijue amelala siku ngapi. Nilipoteza rekodi za wiki tatu kwa njia hiyo. Zipo, lakini hazina wakati, kama barua isiyo na tarehe. Sasa nimeiunga kisaa kidogo chenye betri ya sarafu, ina paneli ya sola yake, na kadi nabadilisha kabla haijachoka, maana kukatika kwa umeme ghafula huziua kadi.

Kituo kimoja kinakupa umbali tu. Tetemeko liko kilomita 40 kutoka kwako, sawa, lakini upande gani? Linaweza kuwa popote kwenye duara. Ili uweke nukta unahitaji watu watatu. Wa pili wangu ni mwalimu wa fizikia wa Bukavu, kama kilomita 100 kutoka hapa kwa mstari wa ndege, mtu aliyekuwa kanisani Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilipopiga 5.9. Ndiye aliyenipeleka Lwiro kuona kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, mahali ambapo matetemeko ya Kivu yalianza kupimwa tangu miaka ya 1950. Nilisimama pale kwa heshima. Wa tatu alikuwa kijana wa Sake, mwanafunzi, aliyenunua geofoni peke yake na kuiunga bodi kwa mkono wake.

Mwaka 2022 tulijaribu kwa mara ya kwanza kukutanisha duara tatu. Nilitandaza ramani ya ziwa juu ya meza, nikashika bikari, na watoto wa mtaa wakanizunguka. Duara la Sake na langu zilikatana vizuri. La Bukavu likapita mbali kabisa, kana kwamba mwenzetu anaishi dunia nyingine. Tulibishana kwa simu hadi salio likaisha. Kumbe mwalimu alikuwa ameniandikia 4:12, akimaanisha saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, saa yetu ya Kiswahili. Mimi nikaisoma kama saa ya dunia, ile inayotumiwa na vituo vyote na ambayo iko nyuma yetu kwa saa mbili. Nikatafuta kwenye rekodi zetu za Goma na Sake, nikakuta karibu na wakati huo kuna tetemeko dogo, nikapima hilo. Tulikuwa tumechora duara za matetemeko mawili tofauti, yaliyopishana saa nne. Kinachonisumbua ni kwamba duara lenyewe halihitaji saa sahihi. Sekunde kati ya wimbi la kwanza na la pili ni zile zile hata saa ya ukutani ikiwa imekufa. Saa inahitajika ili kujua kama tunazungumzia kitu kimoja. Tangu hapo, kati yetu, hakuna anayeandika saa nyingine isipokuwa ya dunia. Tulipochora upya, duara tatu zilikutana ziwani, upande wa Kalehe, na mtoto mmoja akauliza kama samaki walisikia.

Usiku wa tarehe 6 Februari 2023 nilikuwa nimelala. Asubuhi, kabla sijafungua redio, nilitazama mstari kama kawaida yangu, nikaona kitu saa tisa na dakika kama 25 za usiku. Hakikugonga. Kilipanda polepole, kikadumu, kikashuka. Kitu cha mbali sana. Baada ya muda mfupi redio ikasema Uturuki na Syria, 7.8. Wimbi lile lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita 4,000 chini ya Misri na Sudani kwa kama dakika saba na nusu hadi chini ya beseni langu. Watu zaidi ya 50,000 walikufa. Niliichapisha karatasi ile na kuibandika kibandani, na wateja wakiuliza nawaambia ni nini. Baadhi huvua kofia.

Kuna vitu vingine kisanduku kinaandika ambavyo sivichapishi. Milipuko ya vita inafika kwenye mwamba kama kitu kingine chochote. Kituo cha Sake kilinyamaza mwaka 2024 mapigano yalipofika kule; kijana alikimbia na mama yake, geofoni ikabaki. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma yenyewe. Rekodi za siku zile ninazo, na sijamwonyesha mtu.

Majirani bado wanakuja, na swali ni lile lile. Nimejiwekea utaratibu. Nasema nilichoona, saa ngapi, na umbali wa kilomita ngapi. Hapo naishia. Wakiuliza kuhusu usiku wa leo, nawaambia OVG ina rangi zake nne, kijani, manjano, chungwa na nyekundu, na kwamba kazi ya kusema kesho ni ya wenye vituo vingi na wenye kupima gesi na mlima pamoja. Mwanzoni walikasirika. Baba mmoja aliniuliza, basi unafuga kitu hicho cha nini? Nikamwambia usiku uliopita aliamka akakimbiza watoto nje kwa sababu ya lori la mchanga lililopita saa nane, na ningeweza kumwambia hivyo kwa dakika moja kama angenipigia. Sasa ananipigia. Kuwaambia watu kwamba lile lilikuwa gari ni kazi ndogo, lakini katika mji huu mtu akirudi kulala amepata kitu kikubwa.

Shangazi alihamia Ndosho, kwenye nyumba ya mbao. Hakutaka tena tofali. Mwaka jana nilihitaji mahali pa kituo cha pili mjini, upande wa magharibi, baada ya kuipoteza Sake. Nilizunguka kwa marafiki, wengine hawakuwa na mwamba, wengine waliogopa wezi. Mke wangu akaniambia niende kwa Shangazi. Nilikaa majuma mawili kabla ya kwenda.

Alinisikiliza akichambua maharage kwa mkono mmoja. Nikamweleza yote, pamoja na ile Jumatatu: kwamba daftari halikusema yanapungua, ni mimi niliyesema, kwamba kelele za barabara zilikuwa zimeyafunika. Sikuwahi kumweleza hivyo. Alinyamaza mpaka maharage yakaisha. Kisha akasema: "Weka. Lakini usiniambie tena saa ya kulala mu nyumba. Hiyo nitajua mwenyewe."

Nikachimba nyuma ya jiko lake, mwamba uko karibu sana kule. Intaneti hakuna, kwa hiyo kila Jumamosi nachukua moto, nabadilisha flashi, nakunywa chai, narudi.

Flashi ya kwanza niliifungua kibandani. Karibu kila siku alasiri, mstari ulikuwa na vipigo vilivyopangwa kama mshono: Shangazi anatwanga sombe, majani ya muhogo. Wanawake wengi hutwanga kwa mikono miwili ikipokezana. Vya kwake vilikuwa na nafasi ndefu kati ya kimoja na kingine, kwa sababu anatwanga kwa mkono wa kulia peke yake. Siku ya Jumatano, katikati ya kutwanga, lilikuja tetemeko dogo, sekunde mbili kati ya wimbi la kwanza na la pili, la karibu. Lilipita. Baada yake mstari ulikuwa mweupe. Hakuna mchi, hakuna hatua, hakuna kitu. Nilihesabu sekunde 40. Kisha kipigo kimoja, na nafasi ndefu, na kingine.